Shajara ya Mradi wa Njia ya Ukingoni: Ndege na Wageni katika Ziwa Duluti

Julai, wiki ya kwanza

Shajara hii inafunguliwa leo ili kazi yetu ya kujitolea katika Ziwa Duluti iwe na kumbukumbu moja inayoweza kusomwa na yeyote atakayeipokea baada yetu, kwa kuwa mambo yaliyoamuliwa kwa mdomo chini ya mti husahaulika kabla ya masika kufika. Sisi ni watu wanane kutoka Tengeru na vitongoji vyake: walimu wawili, waongoza wageni watatu, fundi seremala, mwanafunzi wa chuo, na mimi ninayeandika. Ruhusa ya kufanya kazi ndani ya msitu tumepewa kwa masharti mawili, kwamba tusikate mti wowote ulio hai, na kwamba tusifungue kijia kipya bila kufunga cha zamani.

Kwa wasiolifahamu, Duluti ni ziwa la kasoko, yaani shimo la volkano lililojaa maji, umbali wa kilomita zipatazo 14 mashariki mwa Arusha kwa barabara ya kwenda Moshi. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka; maji yake yanatokana na mvua na chemchemi za chini ya ardhi. Ukubwa wa ziwa ni hekta 60 na ushei, ilhali msitu wa hifadhi unaolizunguka, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ni wa hekta 19 tu. Ukizitandaza hekta hizo kandokando ya ziwa lote unapata utepe mwembamba wa miti, ambao ndege wanautegemea kwa viota na mapumziko, na wageni nao hawana mahali pengine pa kupita ila hapohapo.

Niseme neno kuhusu kina, kwa sababu kila mgeni huuliza. Masimulizi ya hapa yanasema ziwa lina kina cha mita 700, na nimewahi kusikia ikitajwa hata zaidi, kutegemea ukarimu wa msimulizi. Wanasayansi waliopima na kuchukua sampuli za tope la chini walikuta kina kisichozidi mita 9 au karibu na hapo. Waongoza wageni wenzangu hawaipendi namba hiyo, lakini katika mradi huu ina maana kubwa, kwa kuwa ni ziwa la maji haba ndilo linalowafaa ndege wapigao mbizi. Mnandi na mbizi, ndege wawili wa aina hiyo, wanaweza kuwinda karibu kila mahali, na hivyo wanahitaji vijiti na matawi ya kukaukia karibu kila mahali.

Tatizo linalotuleta ni lalamiko moja ambalo tumelisikia mara nyingi mno: mgeni analipa kiingilio, anatembea saa nzima, anarudi langoni na kusema kwamba hakuona ndege. Ndege wapo. Anayefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi akakaa kimya juu ya mzizi wa mkuyu atawaona kuliko anavyoweza kuwaandika. Dhana yetu ya kuanzia, ambayo shajara hii itaipima, ni kwamba njia yenyewe ndiyo inayowafukuza.

Julai, wiki ya nne

Tumezunguka sehemu yote inayopitika tukiandika kila mahali ambapo watu wameacha njia kuu na kushuka hadi majini. Tumekuta vijia saba. Kimoja kinakwenda kwenye gati la mitumbwi, kimoja hutumiwa na watu wachache wenye kibali cha kuvua kwa ndoano, na vitano vilivyobaki havina kazi yoyote isipokuwa kupiga picha. Vijia hivyo vitano vimetenganishwa na umbali mfupi kiasi kwamba ndege aliyeruka kutoka mbele ya kimoja hutua mbele ya kinachofuata, na akifika hapo anakutana na kundi jingine lenye simu mkononi. Katika asubuhi moja ya Jumapili tulimfuatilia yangeyange mmoja aliyehamishwa mara nne mfululizo kabla hajavuka kwenda upande wa pili wa ziwa, na hakurudi hadi tulipoondoka saa tano.

Utaratibu wetu wa kuhesabu umeandikwa ukutani kwa seremala na unarudiwa hapa. Vituo ni vinne na havibadiliki; kila kituo hupewa dakika 15; hesabu huanza saa moja kamili asubuhi; ndege anayeruka kutoka kituo kimoja kwenda kingine huandikwa alikoonekana kwanza, na mwenye daftari hutoa onyo kwa mkono, si kwa mdomo. Darubini tulizonazo ni mbili, zote za 8x42, yaani zinazokuza mara nane na zenye kioo cha mbele cha milimita 42. Mwanafunzi wetu alitaka za mara kumi na mbili. Nilimweleza kwamba kadiri darubini inavyokuza zaidi ndivyo inavyokuza pia mtetemo wa mkono, na kwa ziwa dogo kama hili ukuzaji wa mara nane unatosha.

Agosti, wiki ya pili

Mwezi huu kazi imekuwa moja tu: kupima ni umbali gani mtu anaweza kumsogelea ndege kabla hajaruka. Mtu mmoja hutembea kwa mwendo wa kawaida kuelekea kwa ndege, mwingine husimama nyuma na kuhesabu hatua zilizosalia pale ndege anapoondoka. Ni kazi isiyopendeza, kwa kuwa inakulazimu kufanya kwa makusudi kile unachotaka kukizuia, na kwa hiyo tuliifanya kwa asubuhi tatu pekee, tukaacha.

Matokeo yalitofautiana sana. Mdiria mkubwa mwenye kifua chekundu aliruka tukiwa bado mbali, akitoa ule mlio wake wa kukemea uliosambaa ziwa zima na kuwashtua wengine wote. Yangeyange walituvumilia hadi hatua 40 hivi. Mdiria mweusi na mweupe hakutujali kabisa: alikuwa kazini, akining'inia hewani juu ya maji kama kitu kilichotundikwa kwa uzi, mabawa yakipiga kwa kasi hata yakawa ukungu, kichwa kikiwa kimetulia kabisa na mdomo umeelekezwa chini, kisha akaanguka kama jiwe na kutoka na kidagaa. Alikimeza akiwa angani na kuanza upya, bila hata kurudi kwenye tawi.

Aliyetufundisha zaidi ni mbizi. Ndege huyu huogelea mwili wote ukiwa ndani ya maji, shingo pekee ikionekana kama nyoka, na manyoya yake hulowa hadi ndani. Ndiyo maana baada ya kuwinda hupanda kwenye tawi na kutandaza mabawa juani kwa muda mrefu. Mmoja tuliyemkuta amelowa aliangukia majini badala ya kuruka, akapiga mbizi, na kutokea mbali. Alipopanda tawi jingine alianza kujikausha upya. Basi hasara anayoipata ndege si ile dakika moja ya kuruka. Ni nusu saa ya jua aliyoipoteza, na siku yenye makundi kumi ya wageni inaweza kumla asubuhi nzima.

Tarehe ya mwisho ya upimaji tulimwona chekeamwezi wa kwanza wa mwaka: ndege mdogo wa kahawia na tumbo jeupe, anayetembea kwenye mawe ya ukingoni huku akitikisa sehemu ya nyuma juu na chini bila kupumzika. Ni mhamiaji anayezaliana Ulaya na Asia na kutumia majira ya baridi ya huko kwetu, hadi Aprili hivi. Mwalimu mmoja alisema hatikisi mkia bali anakubali kila analoambiwa. Jina hilo, Bwana Ndiyo, limebaki kwenye daftari.

Septemba, wiki ya kwanza

Leo tumekutana na wanaotumia ukingo kila siku. Tulikuwa tumechelewa kuwaita, na kosa hilo ni letu.

Mzee mmoja anayevua kwa ndoano tangu ujana wake alikuwa amekwisha kufika na kukaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wajukuu zangu, mmekuja kutufungia ziwa?" Nilijibu kwamba tunakusudia kufunga vijia, si ziwa, na kwamba kijia chake hakimo. Hakuridhika mara moja. Alisema kwamba katika maisha yake kila aliyekuja na daftari aliondoka na kipande cha ukingo, na mimi sikuwa na jibu la maana kwa hilo isipokuwa kumwonyesha ramani yetu na kumwomba aisahihishe.

Aliisahihisha kweli. Alitutoa nje ya njia, akatupeleka kwenye mafunjo yaliyo hatua chache tu kutoka kijia cha tano, na kutuonyesha rundo la majani yaliyooza yanayoelea. Tulidhani ni takataka zilizosukumwa na upepo. Kilikuwa kiota cha kibisi. Ndege huyo mdogo, anayefanana na bata aliyekatwa nyuma, hufunika mayai yake kwa majani machafu kila anapoondoka kwenye kiota, ili yasionekane na kunguru wala kenge. Mzee alieleza jambo ambalo hatukulijua: akiondoka kwa utulivu hufunika; akishtuliwa huruka majini na kuyaacha wazi. Kenge wa hapa ni wengi na hawana haraka.

Tuliporudi tulifuta nusu ya mpango wa awali. Tulikusudia kukifanya kijia cha tano kuwa mahali pakuu pa kutazamia kwa sababu kina mandhari nzuri kuliko vyote. Sasa kitakuwa cha kwanza kufungwa. Vingine vitakavyofungwa ni cha tatu, cha nne na cha saba. Cha gati na cha wavuvi vitabaki kama vilivyo, na cha sita, kilicho upande wa magharibi, kitatengenezwa kwa ajili ya wageni wa ndege.

Septemba, wiki ya tatu

Vijia vinne vimefungwa. Kwanza tuliweka vibao vyenye maneno ya heshima, na Jumapili iliyofuata tuliwakuta watu watatu wakipigana picha wakiwa wameegemea kibao. Hatukuweka vibao vingine. Tulikusanya matawi makavu yaliyoanguka yenyewe, tukayalaza kwa mshazari kwenye mdomo wa kila kijia kwa urefu wa hatua kama sita, tukapanda miche ya mafunjo upande wa majini, na kufunga kamba ya katani nyuma yake. Tangu hapo anayepita njia kuu haoni tena upenyo wowote wa kumwita, na hakuna anayeuliza kulikuwa na nini.

Oktoba

Kiswahili kina neno dungu, kile kichanja kinachojengwa shambani ili mtu akae juu yake kuamia ndege wasimalize mpunga. Fundi wetu amekulia kwenye mashamba ya mpunga upande wa chini, na utoto wake wote aliutumia juu ya dungu akiwarushia kwelea udongo kwa teo. Alipoambiwa kwamba sasa atajenga dungu ambalo watu watakaa ili ndege wasiondoke, alicheka hadi akaweka msumeno chini. Jina limekubalika. Katika shajara hii kibanda cha kijia cha sita kitaitwa dungu, ingawa hakijainuliwa: ni ukuta wa mianzi na mabua ulio na urefu wa mita mbili, wenye matundu marefu ya kutazamia katika vimo vitatu, kimoja cha mtu mzima aliyesimama, kimoja cha aliyekaa kwenye benchi, na kimoja cha mtoto.

Tulilimaliza siku ya Ijumaa na kuwaalika watu Jumamosi alfajiri. Aibu iliyotupata inastahili kuandikwa kwa ukamilifu. Dungu liko ukingo wa magharibi na linatazama mashariki. Saa moja asubuhi jua lilichomoza juu ya ukingo wa pili likatupiga machoni moja kwa moja, likaufanya uso wa ziwa kuwa sahani ya bati, na kila ndege akawa kivuli cheusi kisicho na rangi wala jina. Furukombe alilia mara tatu kutoka kwenye tawi kavu, akirusha kichwa nyuma kama afanyavyo, na wageni kumi na wawili walioacha vitanda vyao walimwona kama anavyoonekana kwenye mhuri. Watu wanane wenye elimu zao walikuwa wamepima upana, mteremko na urefu wa matundu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka jua hutokea wapi.

Hatukulivunja. Mchana, kuanzia saa tisa, dungu hilo ndilo bora kuliko mahali popote, kwa kuwa jua huwa mgongoni na ndege wote huangazwa. Tulichofanya ni kuomba ruhusa ya kuweka benchi moja na ukuta mfupi wa mabua karibu na gati, ambako asubuhi mwanga huja kutoka nyuma, na kubadili maelezo ya langoni: asubuhi gatini, alasiri dunguni. Kilichotushangaza ni kwamba mgawanyo huo umepunguza msongamano kuliko tulivyowahi kupanga.

Novemba

Vuli imeanza na imetuonyesha kila kosa la njia.

Kijia cha kwenda dunguni tulitaka kiwafae pia wageni wanaotumia kiti mwendo, na kanuni tuliyoifuata ni ile inayotumika kwa majengo, kwamba kwa kila sentimita moja ya kupanda kuwe na sentimita zisizopungua 12 za kwenda mbele. Ukingo wa kasoko hauna subira na hesabu za aina hiyo. Kutoka njia kuu hadi dunguni kuna mshuko wa mita mbili na nusu, maana yake njia iliyonyooka ingehitaji mita 30, nasi tulikuwa na mita 14. Ilitubidi kuipinda mara mbili kuzunguka mkuyu, na kila kona kuwekewa uwanja tambarare wa mita moja na nusu ili kiti kiweze kugeuka na anayesukuma apumue.

Tulimlipa mkandarasi mdogo kuleta changarawe laini ya kushindilia. Alileta kokoto za ujenzi. Alipoulizwa alisema kwamba kokoto ni ghali zaidi na hivyo tumefaidika. Dada mmoja wa Usa River anayetumia kiti mwendo, aliyekubali kuja kutujaribia njia, alikwama hatua ya tano: magurudumu ya mbele yalizama kati ya mawe, kiti kikainama, na kama mwalimu asingekuwa amekishika nyuma angeanguka kifudifudi. Aliomba ashuke, akatazama chini, akasema kwa utulivu, "Hii njia mmewajengea malori." Tuliziondoa kokoto zote kwa karai kwa siku mbili, tukaweka moramu iliyochekechwa, tukaimwagia maji na kuishindilia kwa gogo. Baada ya mvua tatu imeshikamana vizuri. Alirudi wiki iliyopita, akateremka mwenyewe bila kusukumwa, ila kupanda bado anahitaji msaada kwenye kona ya pili. Hilo halijatatuliwa.

Jambo jingine alilotuonyesha ni tundu la kutazamia la mtu aliyekaa. Tulilipima kwa kutumia benchi. Mtu aliye kwenye kiti mwendo hukaa juu kidogo zaidi, na magoti yake hugonga ukuta kabla macho hayajalifikia tundu. Fundi amekata sehemu ya chini ya ukuta ili miguu ipite.

Desemba

Mwezi wa sikukuu, hesabu mbili tu zimefanyika. Spika za muziki zilikuwa nyingi karibu na gati, na hatuna mamlaka ya kufanya lolote isipokuwa kuomba kwa adabu.

Tumekubaliana jambo moja na waongoza wageni wote, na liandikwe: hakuna kupiga sauti za ndege zilizorekodiwa kwenye simu ili kumvuta ndege atokee. Inafanya kazi, na ndiyo sababu inapendwa, lakini ndege anayetokea hujui kama ni kwa udadisi. Mara nyingi anaamini kwamba mpinzani ameingia kwenye eneo lake, na huacha alichokuwa akifanya, pengine kulisha makinda, ili kumtafuta adui asiyekuwapo. Mwongozaji mmoja alipinga kwamba mgeni aliyelipa ana haki ya kuona. Mjadala ulikuwa mrefu kuliko ninavyoweza kuuweka hapa. Alikubali mwishowe kwa hoja ya kibiashara zaidi kuliko ya huruma, yaani kwamba ndege anayeitwa bure kila siku huacha kuitika, na mimi sikuona sababu ya kuikataa hoja kwa kuwa haikuwa yangu.

Januari

Tumechagua Januari kwa hesabu kubwa ya mwaka kwa sababu katikati ya mwezi huu ndipo ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi za Afrika kwa pamoja, mpango ambao umekuwapo barani tangu mwaka 1991 chini ya uratibu wa Wetlands International, shirika la uhifadhi wa ardhioevu. Wahamiaji wa kaskazini bado wapo, na kuhesabu siku zilezile kila mahali hupunguza uwezekano wa ndege mmoja kuandikwa katika nchi mbili. Ziwa letu ni dogo sana kwa takwimu za bara, lakini tumepeleka orodha yetu eBird, hifadhidata iliyoanzishwa mwaka 2002 na Maabara ya Ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, ambako mtu yeyote anaweza kuisoma.

Siku yenyewe ilikuwa na ukungu hadi saa mbili. Vituo vinne vilifanya kazi pamoja kwa mara ya kwanza, kila kimoja kikiwa na mtazamaji na mwandishi. Nitaandika jambo moja tu kwa kirefu. Mbele ya kijia cha tano, kile tulichokifunga kwa ajili ya kiota, mafunjo yamesonga mbele kiasi kwamba kamba haionekani tena, na juu yake mnana wamening'iniza viota vyao vya duara, vingine bado vya kijani kibichi kwa kuwa dume alikuwa amevisuka asubuhi hiyohiyo. Dume mmoja alimaliza, akaning'inia chini ya mlango akipiga mabawa kumwita jike. Jike alikuja, akaingia, akatoka, akaondoka. Dume alikaa kidogo kisha akaanza kukifumua kiota, jani moja baada ya jingine, na kuyaacha yaanguke majini. Mwanafunzi aliyekuwa akiandika alisahau kuandika.

Kuhusu idadi, mnandi na mbizi walioonekana wametulia matawini upande wa vijia vilivyofungwa walikuwa wengi kuliko katika hesabu yoyote ya Julai na Agosti. Lakini sitaki shajara hii idai zaidi ya inavyojua: Julai ni kiangazi cha baridi, Januari ni baada ya vuli, na tofauti ya majira peke yake inaweza kuleta mabadiliko hayo. Ulinganisho wa haki utakuwa wa Julai ijayo dhidi ya Julai iliyopita.

Februari

Wamekuja wageni sita wasioona, wakiwa na mwalimu wao. Nilikuwa na wasiwasi kwamba hatuna cha kuwapa, nikakosea. Tuliwakalisha msituni, si ukingoni, na kuwaomba wanyoshe kidole kuelekea kila sauti mpya. Ndani ya muda mfupi walikuwa wameshawatambua tiva wawili, dume na jike, wanaopokezana mlio kwa haraka hata mtu mwenye macho hudhani ni ndege mmoja. Msichana mmoja ndiye aliyesema kwamba sauti zinatoka pande mbili. Kisha hondohondo walipita juu ya miti. Mabawa ya ndege hao hutoa uvumi mzito kama wa mtu anayepepea mkeka, na mvulana mmoja alisimama ghafla akauliza ni mnyama gani anayepumua juu yetu.

Tangu siku hiyo kituo hicho kimeongezwa kwenye ramani. Kamba ya kuongozea mikono imefungwa kutoka njia kuu hadi kwenye magogo ya kukalia, ikiwa na fundo moja kabla ya kila mzizi unaovuka njia na mafundo mawili kabla ya kona. Wasioona wenyewe ndio walioamua idadi ya mafundo.

Machi, wiki ya nne

Masika yameingia kwa nguvu. Maji yamepanda hadi kwenye kigingi cha tatu tulichokitia alama kwa rangi nyeupe, na sehemu ya mwisho ya kijia cha dunguni, kiasi cha mita mbili, imelowa. Tumeifunga hadi itakapokauka na kuandika langoni ili anayetumia kiti mwendo asifunge safari bure. Fundi anataka kuinua dungu zima juu ya nguzo fupi, jambo ambalo litaharibu hesabu yote ya mteremko. Mimi naona afadhali tulisogeze nyuma mita tatu. Tutapima tena pamoja maji yakishuka, na dada wa Usa River atakuwapo kabla ya kuamua chochote.

Bwana Ndiyo bado yupo kwenye mawe ya gati, ameanza kunenepa kama wafanyavyo kabla ya safari. Orodha ya langoni, ambapo wageni huandika walichokiona, imejaa kurasa nne tangu Januari, na malalamiko ya kutoona ndege yamebaki mawili, yote ya watu waliofika saa saba mchana.

Kamba ya kijia cha tatu imeoza na mvua. Mzee ameahidi kuleta nyingine Jumamosi, ya katani aliyoisokota mwenyewe, kwa sharti kwamba safari hii tumwachie yeye kuifunga, kwa kuwa mafundo yetu, anasema, ni ya watu wa mjini.